Ubainishaji wa Hitilafu za Mtandao Pasiwaya katika Kompyuta ya Nyumbani: Ufafanuzi wa Hatua na Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kubaini chanzo cha hitilafu pale kompyuta ya nyumbani inaposhindwa kutumia intaneti kupitia mtandao pasiwaya. Hoja kuu ni kwamba kauli moja ya kila siku, "hakuna mtandao", hubeba hitilafu za aina nyingi ambazo hazina chanzo kimoja wala tiba moja, na kwamba mtumiaji asiyezitenganisha huishia kutibu mahali pasipouma. Makala yanagawa safari ya data kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye tovuti katika vituo saba, yanaeleza kipimo cha kila kituo, na yanaonyesha kwa kisa kimoja cha jijini Dar es Salaam jinsi mpangilio wa vipimo unavyookoa muda na fedha. Mwishoni yanajadili nafasi ya istilahi za Kiswahili katika kurahisisha au kutatiza uchunguzi huo.

1.0 Utangulizi

Kisa kilichochochea uandishi wa makala haya kilitokea katika nyumba ya kupanga jijini Dar es Salaam. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alitakiwa kutetea pendekezo lake la utafiti kwa njia ya video. Nyumbani kwake kulikuwa na kompyuta ya mezani ya siku nyingi, iliyopokea intaneti kwa kipokezi kidogo cha pasiwaya kilichochomekwa kwenye tundu la USB. Siku kadhaa kabla ya utetezi, programu ya mikutano ilianza kugoma. Alama ya mtandao ilionekana kamili, simu za nyumbani zilifanya kazi bila shida, lakini kompyuta haikuingia katika mkutano wowote.

Familia ilimwita fundi. Fundi alisema kuwa ruta imechoka. Fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya kuchapa na kujalidi tasnifu zikanunua ruta mpya. Ilipofungwa, kompyuta ilifanya kazi, na wote wakaridhika. Siku mbili baadaye umeme ulikatika usiku. Asubuhi, hitilafu ilikuwa imerudi kama ilivyokuwa. Mwanafunzi alitetea pendekezo lake kupitia simu iliyoegemezwa kwenye vitabu, bila kuweza kuwaonyesha watahini majedwali aliyoyaandaa.

Hitilafu haikuwa kwenye ruta ya zamani wala kwenye ruta mpya. Namna ilivyogunduliwa itaelezwa katika sehemu ya 5.0, baada ya kuweka msingi unaohitajika. Kwa sasa inatosha kubainisha tatizo ambalo makala haya yanalishughulikia: watumiaji wengi, na hata baadhi ya mafundi, huanza kwa kuuliza "tubadilishe nini?" kabla ya kuuliza "safari imekatikia wapi?" Makala haya yanajenga hoja kwamba swali la pili ndilo linalopaswa kutangulia, na kwamba linaweza kujibiwa nyumbani, bila kifaa cha ziada, kwa vipimo vichache vinavyofuatana.

2.0 Dhana za Msingi

2.1 Maana za neno "mtandao"

Katika matumizi ya sasa, neno "mtandao" hubeba angalau maana nne. Kwanza, hutumika kwa kampuni ya simu, kama katika swali "unatumia mtandao gani?" Pili, hutumika kwa nguvu ya mawimbi, kama mtu anaposema "huku bondeni mtandao haushiki". Tatu, hutumika kwa muunganiko wa vifaa vya mahali pamoja, kama vile mtandao wa ofisi au wa nyumba. Nne, hutumika kwa intaneti yenyewe, kama katika maneno "nimeisoma mtandaoni".

Upana huo hausumbui katika mazungumzo ya kawaida, kwa kuwa muktadha hufafanua. Katika uchunguzi wa hitilafu hali ni tofauti. Mtu anaposema "mtandao upo lakini hakuna mtandao", anaeleza jambo la kweli na lenye maana ya kitaalamu: mawimbi ya ruta yanafika, ila intaneti haifiki. Msikilizaji asiyetofautisha maana hizo huona kauli hiyo kuwa imejipinga, na hupoteza taarifa muhimu kuliko zote. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia istilahi nne tofauti: *mtoa huduma* kwa kampuni, *mawimbi* kwa redio inayounganisha kompyuta na ruta, *mtandao wa nyumbani* kwa muunganiko wa vifaa vilivyo ndani, na *intaneti* kwa kilicho nje.

2.2 Safari ya data

Mtandao pasiwaya wa nyumbani huendeshwa kwa viwango vya familia ya IEEE 802.11, ambavyo toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1997. Mtumiaji anapofungua tovuti, mambo kadhaa hutokea kwa mfuatano. Kompyuta hupata umeme na kutambua kipokezi chake. Kipokezi husikia mawimbi ya ruta. Ruta na kompyuta huhakikishiana kwamba zina nywila moja. Ruta huipa kompyuta anwani ya IP. Ujumbe hutoka kwenye ruta kwenda kwa mtoa huduma. Jina la tovuti hutafsiriwa kuwa anwani ya namba. Mwisho, kompyuta hukagua cheti cha tovuti ili kujiridhisha kwamba inazungumza na tovuti yenyewe na si mlaghai.

Kila hatua hutegemea ile iliyoitangulia. Utegemezi huo ndio unaofanya uchunguzi uwezekane: iwapo kituo cha nne kimethibitishwa kuwa kizima, basi vituo vya kwanza hadi cha tatu ni vizima pia, na hakuna haja ya kuvigusa.

3.0 Kanuni za Uchunguzi

Kabla ya kueleza vituo, kanuni tatu zinahitaji kuzingatiwa.

Kanuni ya kwanza ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtu akizima ruta, akabadilisha nywila na kuhamisha kompyuta kwa mpigo, hata akifanikiwa hatajua kilichomfanikisha. Hitilafu ikirejea atalazimika kuanza upya.

Kanuni ya pili ni kulinganisha. Iwapo kifaa kimoja kinafanya kazi na kingine hakifanyi katika chumba kilekile, ruta na mtoa huduma wana uwezekano mdogo wa kuwa chanzo. Hata hivyo, ulinganisho huu una mtego unaowanasa wengi. Simu yenye bando lake huweza kuhamia kwenye data ya laini bila kumuuliza mwenyewe, hasa inapoona kwamba mtandao wa nyumbani hauna intaneti. Mtumiaji huona simu "inafanya kazi", akahitimisha kwamba ruta ni nzima, kumbe simu haipitii kwenye ruta kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kuitumia simu kama kipimo, data ya laini lazima izimwe.

Kanuni ya tatu ni kuandika kinachoonekana, na hasa ujumbe wa hitilafu neno kwa neno. Ujumbe huo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha nzito, hivyo mtumiaji huufunga haraka na kumweleza fundi kwa kifupi kwamba "imegoma". Ilhali tofauti ya maneno mawili katika ujumbe huo inaweza kutofautisha hitilafu ya mawimbi na hitilafu ya cheti.

4.0 Vituo Saba vya Uchunguzi

4.1 Umeme na kifaa

Kituo cha kwanza ni kuhakikisha kwamba vifaa viko hai. Ruta iliyotoka kukatikiwa umeme huhitaji dakika chache kabla ya kuwa tayari, na mtu anayeijaribu mapema huamini kwamba imeharibika. Adapta ya umeme iliyochoka, au iliyobadilishwa kwa nyingine isiyolingana nayo, huweza kuwasha taa za ruta na bado ishindwe kuendesha redio yake kwa uthabiti.

Kwa upande wa kompyuta, inafaa kuangalia kama pasiwaya imezimwa. Kompyuta mpakato nyingi zina kitufe cha kuizima, na mifumo mingi ya kisasa ina hali ya ndegeni ambayo huweza kuwashwa kwa bahati mbaya. Kama kipokezi hakionekani kabisa katika orodha ya vifaa, tatizo liko kwenye kipokezi chenyewe, kwenye tundu lake, au kwenye programu kiendeshi inayoutambulisha mfumo kwa kipokezi hicho.

4.2 Mawimbi

Kituo cha pili kina mambo mengi, kwa kuwa hapa mazingira ya nyumba huingia moja kwa moja katika uchunguzi. Mitandao pasiwaya ya nyumbani hutumia zaidi masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Urefu wa wimbi la kwanza ni takribani sentimita 12.5, na wa pili ni karibu nusu ya huo. Masafa ya gigahezi 5 hubeba data nyingi zaidi, lakini hudhoofika upesi zaidi yanapopita ukutani.

Nyumba nyingi za mijini katika pwani ya Afrika Mashariki hujengwa kwa matofali ya saruji na nguzo zenye nondo. Kuta za namna hiyo hudhoofisha mawimbi kuliko kuta za mbao au za mabati ya jasi. Chuma huyarudisha, na maji huyanyonya; kwa hiyo tangi la maji, jokofu au kabati la chuma lililo kati ya ruta na kompyuta huwa kizuizi halisi. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni au chini ya meza hupoteza nguvu kabla mawimbi hayajatoka sebuleni.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli za miliwati, na namba zake huwa hasi. Kila punguzo la 3 humaanisha nguvu imepungua kwa nusu. Katika mfumo wa Windows, amri *netsh wlan show interfaces* huonyesha nguvu hiyo kwa asilimia, ambapo asilimia 100 hulingana na -50 na asilimia 0 hulingana na -100. Asilimia 50, ambayo kwa macho huonekana kuwa ya kuridhisha, ni sawa na -75, kiwango ambacho mkutano wa video huanza kukatikakatika.

Mawimbi yenye nguvu yanaweza pia kuvurugwa. Masafa ya gigahezi 2.4 hugawanywa katika chaneli zenye umbali wa megahezi 5 kutoka katikati ya moja hadi nyingine, ilhali kila mtandao huhitaji upana wa takribani megahezi 20. Kwa hiyo chaneli jirani huingiliana, na ni chaneli 1, 6 na 11 pekee zinazotumika pamoja bila kugongana. Katika jengo la ghorofa lenye ruta nyingi, kuhamia kwenye mojawapo ya chaneli hizo iliyo na watumiaji wachache huleta nafuu. Jiko la maikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, hivyo mtandao unaokatika wakati wa kupasha chakula una maelezo yake. Vifaa vya USB 3.0 navyo hutoa kelele ya redio katika eneo hilohilo. Kipokezi cha pasiwaya kilichochomekwa kando ya diski ya nje kinaweza kupona kwa kuhamishiwa tundu la upande wa pili.

Hali moja hustahili kutajwa peke yake: simu inauona mtandao, kompyuta haiuoni kabisa. Mara nyingi ruta huwa inatangaza kwa gigahezi 5 pekee, na kipokezi cha kompyuta ni cha gigahezi 2.4 tu. Sababu nyingine ni kwamba ruta imejichagulia chaneli ya 12 au ya 13, ambazo hazisikiwi na vifaa vilivyoandaliwa kwa soko la Marekani, vikiwamo vingi vinavyoingizwa vikiwa vimeshatumika. Katika hali zote mbili hakuna kilichoharibika. Ni vifaa viwili visivyokutana katika masafa.

4.3 Idhini

Kituo cha tatu ni nywila. Kompyuta hukumbuka nywila ya zamani, na hukataa kuungana baada ya ruta kubadilishiwa nywila au kurejeshwa katika hali ya kiwandani huku jina la mtandao likibaki lilelile. Tiba ni kuuondoa mtandao huo katika kumbukumbu ya kompyuta na kuungana upya.

Aidha, aina ya ulinzi huweza kuwa kikwazo. Ulinzi wa WEP ulithibitishwa kuwa dhaifu mwaka 2001. WPA2 ilikuja mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Ruta iliyowekwa kupokea WPA3 pekee hukataa kompyuta za zamani. Baadhi ya watu hutatua tatizo hilo kwa kuondoa nywila kabisa. Suluhisho hilo halifai. Mtandao usio na nywila humruhusu jirani kumaliza bando, na humruhusu mwenye nia mbaya kufika kwenye vifaa vya ndani. Kuchagua WPA2, au mseto wa WPA2 na WPA3, huondoa kikwazo bila kuacha mlango wazi.

4.4 Anwani

Katika kituo cha nne, kompyuta huomba anwani kwa ruta kupitia itifaki ya DHCP. Amri *ipconfig* huonyesha matokeo. Anwani inayoanza kwa 192.168, au kwa 10, kwa kawaida ni dalili njema, kwani anwani hizo zimetengwa kwa matumizi ya ndani. Anwani inayoanza kwa 169.254 ina maana tofauti kabisa: kompyuta iliomba, haikujibiwa, ikajipa anwani yenyewe. Kompyuta katika hali hiyo huonekana kuwa imeungana, lakini haina pa kwenda.

Amri *ipconfig /release* ikifuatiwa na *ipconfig /renew* huirudisha kompyuta katika foleni ya kuomba. Kama bado haipati, inafaa kukagua iwapo kuna mtu aliyeiwekea anwani ya kudumu zamani, kwa ajili ya ofisi au ruta nyingine, akaisahau.

4.5 Njia ya nje

Kipimo cha kituo cha tano ni amri *ping*, iliyoandikwa na Mike Muuss mwezi Desemba 1983 na kupewa jina linaloiga mlio wa sonari. Amri hii hutuma ujumbe mfupi na kusubiri mwangwi wake. Kwanza mtumiaji huipima ruta, kwa mfano *ping 192.168.1.1*, kwa kutumia anwani iliyoonyeshwa na *ipconfig* kama lango. Kisha huipima anwani ya mbali, kama *ping 8.8.8.8*.

Ruta ikijibu na anwani ya mbali isijibu, mtandao wa nyumbani ni mzima, na tatizo huwa kati ya ruta na mtoa huduma: bando limekwisha, ankara haijalipwa, kebo imekatika, au huduma ya eneo zima imesimama. Ikumbukwe kwamba bando likiisha, ruta haizimi mawimbi yake. Inaendelea kutangaza jina lake, kupokea nywila na kugawa anwani, ndiyo maana alama kwenye kompyuta hubaki kamili. Tahadhari moja inahitajika: baadhi ya vifaa huwekwa visijibu *ping* kwa makusudi, hivyo kimya chao peke yake si ushahidi wa kutosha.

4.6 Majina

Mfumo wa majina ya intaneti, DNS, uliasisiwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kazi yake ni kutafsiri majina kuwa namba. Iwapo *ping 8.8.8.8* inajibiwa lakini kila jina la tovuti linakataliwa, kituo hiki ndicho chenye hitilafu. Amri *nslookup* huthibitisha. Kufuta kumbukumbu ya majina kwa *ipconfig /flushdns*, au kuielekeza kompyuta kwenye seva nyingine ya majina, hutosha mara nyingi.

4.7 Saa na vyeti

Kituo cha mwisho husahaulika kuliko vyote, kwa sababu hakionekani kuhusiana na mtandao. Tovuti salama, ambazo leo ndizo nyingi, huwasilisha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kuanzia Septemba 2020, vivinjari vikuu vimekataa vyeti vipya vya umma vyenye muda unaozidi siku 398, na mwelekeo tangu hapo umekuwa kuufupisha muda huo zaidi. Kompyuta inayoamini kwamba iko miaka kadhaa nyuma hukuta kila cheti hakijaanza kutumika, na hukataa kuendelea. Programu hugoma hata kama vituo sita vya mwanzo ni vizima kabisa.

Alama ya Windows haisaidii hapa. Mfumo huo hukagua uwepo wa intaneti kwa kuomba faili dogo la maandishi kwa njia isiyotumia cheti. Ombi hilo hufanikiwa hata saa ikiwa imekosea, hivyo alama husema "imeunganishwa" wakati mtumiaji hawezi kufungua chochote cha maana.

Jedwali Na. 1: Muhtasari wa dalili na vituo

| Dalili | Kituo | Kipimo cha kwanza |
|---|---|---|
| Kipokezi hakionekani | Umeme na kifaa | Orodha ya vifaa, tundu jingine |
| Jina la mtandao halionekani, au linakuja na kutoweka | Mawimbi | Kusogea karibu. Kukagua masafa na chaneli |
| Nywila inakataliwa | Idhini | Kusahaulisha mtandao na kuungana upya |
| Anwani inaanza kwa 169.254 | Anwani | *ipconfig /renew* |
| Ruta inajibu, nje kimya | Njia ya nje | Bando, ankara, mtoa huduma |
| Namba zinajibu, majina hapana | Majina | *nslookup* |
| Alama ni kamili, tovuti salama zinakataa | Saa na vyeti | Tarehe ya kompyuta |

5.0 Kisa katika Mwanga wa Vituo

Mwandishi alifika katika nyumba iliyotajwa baada ya siku ya utetezi kupita. Vipimo vilifuata mpangilio ulioelezwa. Kipokezi kilionekana. Mawimbi yalikuwa asilimia 90, kwa kuwa ruta ilikuwa chumba cha pili. Anwani ilianza kwa 192.168. Kwa matokeo hayo matatu, kituo cha idhini nacho kilihesabiwa kuwa kizima. Ruta ilijibu, anwani ya mbali ilijibu, na majina yalitafsiriwa. Kazi hiyo yote ilichukua chini ya dakika kumi. Ilibaki kutazama kona ya chini ya skrini, ambako tarehe ilikuwa nyuma kwa miaka mingi.

Bodi kuu ya kompyuta ya mezani hutunza saa kwa betri ndogo ya mviringo wakati umeme haupo. Iliyozoeleka ni CR2032 ya volti 3, ambayo jina lake hubeba vipimo vyake: kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika saa hurudi katika tarehe ya kiwandani. Ndivyo ilivyokuwa. Betri ilibadilishwa, tarehe ikarekebishwa, na hitilafu haikurudi tena hata umeme ulipokatika.

Lilibaki swali moja: kwa nini ruta mpya ilionekana kuponya? Fundi alipoulizwa alikumbuka kwamba siku ile, wakati wa kujaribu ruta, kivinjari kilimwonya kuwa saa imechelewa, naye akairekebisha akiwa anaendelea na kazi. Alikuwa amebadilisha vitu viwili kwa pamoja. Sifa ikaenda kwa kile kilichogharimu fedha, na kile kilichoponya hakikutajwa. Hakuna aliyedanganya. Kilichokosekana ni utaratibu wa kubadilisha kimoja, kujaribu, na kuandika.

6.0 Mjadala

Kisa hiki kinaibua mambo mawili. La kwanza ni la kiuchumi. Uamuzi wa kununua kifaa kipya huja haraka kwa sababu ruta ndiyo kitu kinachoonekana. Ina taa, ina antena, na watu wameizoea kuwa ndiyo "mtandao" wenyewe. Saa ya kompyuta haionekani kuwa sehemu ya mtandao katika fikra za mtumiaji, hivyo haichunguzwi. Kaya yenye kipato kidogo hulipia pengo hilo kwa fedha zilizokuwa na kazi nyingine.

La pili ni la kilugha. Mwanafunzi alimweleza fundi kwamba "mtandao unasumbua". Kauli hiyo ilikuwa sahihi kwa Kiswahili cha kawaida, lakini ilimwelekeza fundi kwenye ruta. Laiti angesema "mawimbi yapo, anwani ipo, lakini tovuti salama zinakataa", njia ya kwenye saa ingekuwa fupi. Kiswahili kinayo maneno hayo yote. Mawimbi, anwani, lango, idhini, cheti na masafa yanaeleweka na msomaji wa kawaida, na hakuna hata moja linalohitaji kubuniwa. Kinachopungua ni mazoea ya kuyatumia kila moja mahali pake. Kazi nyingi za istilahi hupima mafanikio kwa idadi ya maneno mapya yaliyosanifiwa. Hoja ya makala haya ni kwamba, katika eneo hili, uhitaji mkubwa zaidi ni wa kutenganisha maana ambazo neno moja linalopendwa limezikumbatia.

Inaweza kupingwa kwamba mtumiaji wa kawaida hapaswi kubebeshwa kazi ya fundi. Pingamizi hilo lina uzito, kwani si kila mtu ataandika amri kwenye skrini nyeusi. Hata hivyo, mtumiaji hahitaji kutengeneza, anahitaji kueleza. Mgonjwa si daktari, lakini anayeweza kusema kwamba maumivu yako upande wa kulia, yanakuja baada ya kula, na yalianza juzi, hutibiwa vizuri kuliko anayesema tu kwamba "mwili hauko sawa".

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua vituo saba ambavyo data hupitia kutoka kompyuta ya nyumbani hadi tovuti, pamoja na kipimo cha kila kimoja. Yamedhihirisha kwamba vituo hivyo hutegemeana kwa mpangilio, na kwamba mpangilio huo humwezesha mchunguzi kuondoa vyanzo visivyohusika bila kugusa kifaa wala kutumia fedha. Yameonyesha pia kwamba kubadilisha vitu viwili kwa pamoja huweza kuzaa hitimisho la uongo lenye sura ya mafanikio.

Makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, miongozo ya Kiswahili kwa watumiaji wa kompyuta iandikwe kwa kufuata vituo, badala ya orodha za tiba zisizo na mpangilio. Pili, watafiti wa istilahi wachunguze namna watumiaji wanavyoeleza hitilafu kwa mafundi, kwa kuwa ni katika mazungumzo hayo ndipo neno lisilo bayana hugeuka kuwa gharama. Mwanafunzi wa kisa hiki aliendelea na utafiti wake. Ruta ya zamani, ambayo haikuwa na kasoro yoyote, ilirudishwa kwenye umeme na kupewa chumba cha nyuma.